Lafudhi ya Ng'ambo

Kaloleni, 6 Februari 2023

Kwa mjukuu wangu Triza,

Yoga! Hiyo ndiyo salamu ya Kiteso, anza nayo. Huko Komarock mko wazima? Mimi nipo, goti tu linanionea. Mimi nasema, jirani yangu Kezia anaandika kwenye simu, na nimemwonya asinipambe.

Nimesikia unakwenda nyumbani, mpakani na Uganda, wazee wakukague ndipo upewe kitambulisho, na bila hicho chuo cha uuguzi hawakupokei mwezi wa nne. Watakuhoji kwa Kiteso. Sasa ndiyo mama yako Millicent ananikumbuka! Ulipokuwa mdogo nilikuimbia kwa Kiteso, akaniambia, "Mama, utamfanya mtoto awe wa mwisho darasani." Nikafunga mdomo miaka kumi na tano.

Njoo kila jioni. Daftari liache, mimi sijui daftari.

Nyanya yako

Komarock, 27 Februari

Shosh wangu,

Yoga noi! Goti je? Wiki zako tatu zimeniingia. Jana nilimwambia mama kwa Kiteso kwamba chapati zake ni ngumu, hakuelewa, akasema asante. Ukoo wa marehemu babu nimeushika wote. Naongea kama wewe kabisa, mpaka vile unavuta maneno. Kesho tunasafiri.

Mjukuu wako

Kaloleni, 8 Machi

Triza,

Hujambo? Wewe mgonjwa? Napiga, simu inaita tu. Ya mama yako imezimwa. Wamekukataa? Sema! Kanisani nimeshawatangazia kwamba mjukuu wangu amewajibu wazee kwa Kiteso, usinifanye mwongo mbele ya kwaya.

Nyanya yako

Komarock, 15 Machi

Shosh,

Habari yako? Natumai goti lina nafuu. Nisamehe kwa kimya.

Niliwajibu kila swali. Mzee mmoja akacheka, akasema, "Huyu anaongea kama watu wa Tororo. Ni Mganda huyu." Wakaniweka kando. Msichana wa Umoja asiyejua hata salamu alipita, eti huyo ni mtoto wa Nairobi tu.

Nilitaka kuwaambia kwamba nyanya yangu alizaliwa Tororo, akaolewa kwetu. Mama akanifinya. Babu Patrobas, mdogo wake marehemu babu, akasimama akaapa kwamba aliyenifundisha ni mboch wetu wa zamani, mfanyakazi wa nyumbani kutoka ng'ambo ya mpaka. Wakaniuliza, "Ni kweli?"

Nikasema kwa Kiteso, ni kweli. Wakapiga muhuri.

Mjukuu wako

Kaloleni, 16 Machi

Triza mtoto wangu,

Mimi mzima, usiniulize goti. Kezia amenisomea mara mbili, ya pili akalia, nikamwambia aandike aache ujinga.

Ni miaka hamsini na mbili tangu niingie ukoo huo. Nimewazalia watoto sita, nimezika wawili kwenye shamba lao, mmoja ni baba yako. Huyo Patrobas alikuja Nairobi hana kazi, akalala jikoni kwangu mwaka mzima, nikimpakulia kabla ya mume wangu. Leo mimi mboch. Haya. Nepi zako nilifua, uji nilikupikia, kazi hiyo niliifanya.

Lakini wewe uliitikia kwa ulimi niliokupa mimi. Hapo ndipo paliponichoma.

Nenda chuo. Usithubutu kukosa, nitakuja Komarock nikuburute kwa mguu huu huu mbovu. Na Jumapili uje ule, nitapika kunde, nitakukumbatia kama kawaida.

Ila tutaongea Kiswahili.

Nyanya yako