Mkate wa Mwanamke Asiyebadili Jina

Carrowbeg, Mayo
11 Februari 1951

Mjukuu wangu Jarlath,

Hivi Uingereza wamefunga bahari? Tangu uoe sijauona uso wako, na mtoto wako Winnie namjua kwa picha tu, tena kwenye picha yenyewe anatazama pembeni. Huna aibu. U mzima lakini? Unakula ukashiba? Mimi mzima, goti tu hunisumbua mvua ikija, na hapa mvua haijawahi kuondoka. Ng'ombe amezaa.

Anayeandika ni Attracta wa posta, maana mimi shule niliiona kwa nje. Anataka kuninyooshea maneno. Nimemwambia aandike ninavyosema au nikanunue stempu kwingine.

Sasa lililonileta posta na goti hili. Kijana wa jirani yetu Padden, mnayekaa naye mji mmoja huko, alikuja kumzika mama yake, akasema palepale msibani, mdomo umejaa nyama niliyoipika mimi, kwamba unataka kuacha jina la McNulty ujiite Norton, jina la kwao mkeo. Nikamwita mwongo mbele za watu. Niambie kama nikamwombe radhi.

Bibi yako,
Sabina


Coventry
25 Februari 1951

Bibi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na pole kwa goti. Kamwombe radhi. Ni kweli.

Kiwandani walichagua msimamizi mpya, mtu ambaye kazi nilimfundisha mimi. Nilipouliza, mkubwa akacheka, akasema wanaume wa hapa hawatapokea amri kwa Mwairishi. Chumba nacho, ukitaja jina mlangoni, kimeshapangishwa dakika hiyo hiyo. Hati ya wakili ya kubadili jina iko juu ya kabati, sijaitia sahihi. Sikutaka kuitia wewe hujui, na kukuambia nikaogopa.

Bibi, Winnie ana kifaduro. Anakohoa mpaka midomo inageuka rangi, kisha anavuta pumzi kwa mlio ambao sitausahau. Daktari ametoa dawa, anasema tusubiri. Nakumbuka watu walivyokuwa wakija mlangoni kwako na watoto wao kuomba mkate, kwa kuwa ulizaliwa McNulty ukaolewa na McNulty asiye ndugu yako, jina lisibadilike, na mkate wa mwanamke wa namna hiyo ndio dawa ya kifaduro. Doreen alinicheka nilipomsimulia. Jana hakucheka. Aliniambia, "Mwandikie bibi yako."

Utanitumia mkate, mimi ninayetaka kulitupa jina lenyewe?

Mjukuu wako,
Jarlath


Carrowbeg
2 Machi 1951

Jarlath,

Swali gani hilo? Mkate ndio huo ndani ya kitambaa. Uloweke kwenye maziwa ya moto umlishe kwa mkono wako. Wala usiniambie asante, mkate wa dawa haushukuriwi, utaharibika. Na dawa ya daktari asiache hata tone. Sijasoma, lakini si mjinga.

Kuhusu jina. Nikuambie kama baba yangu alivyoniambia. McNulty ni mwana wa mtu wa Ulster, wa kule kaskazini. Sasa fikiri, huko kaskazini kwenyewe nani angemwita mwenzake wa kaskazini, na wote ni wa huko? Mzee wetu alifukuzwa shambani kwake, akashuka huku na ng'ombe mmoja na mke mwenye mimba. Watu wa hapa hawakumuuliza jina. Wakasema, yule wa kaskazini. Akaitika, kwa sababu alitaka kukaa. Watoto wake wakawa wana wa yule wa kaskazini, ndiyo McNulty. Jina alilopewa na mama yake halijui mtu, hata padri. Ukoo wa babu yako Anthony wao walikuja kwa mashua, sisi kwa miguu, na mpaka anakufa babu yako alikuwa akinitania kwamba kwetu tulikosa nauli.

Basi nitakukatazaje? Ila nikilifikiria lile jina lililopotea njiani, naumia kana kwamba ni mtu niliyemjua. Sahihi ni yako. Usihangaike kujibu, mwangalie mtoto.

Bibi yako


Coventry
3 Juni 1951

Bibi,

Salamu nyingi, na kwa Attracta pia. Lile neno ulilonikataza silisemi.

Winnie anafukuza paka wa jirani. Mkate ulifika mgumu kama tofali, unanuka moshi wa jikoni kwako. Doreen aliunusa akauliza, "Ndivyo nyumbani kwenu kunavyonuka?" Nikauloweka kwenye maziwa. Mtoto alikula wote. Kikohozi hakikukoma siku ile, kilipungua polepole, na daktari anasema ni dawa yake. Sikubishana naye.

Nimetia sahihi, Bibi. Nilingoja kwanza apone. Nimepata usimamizi kiwanda kingine, na nyumba yenye kibustani. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Usipojibu nitaelewa.

Doreen anauliza ule mkate unapikwaje. Watoto wa mtaa wetu wanaanza kukohoa.

Mjukuu wako,
Jarlath


Carrowbeg
24 Juni 1951

Mjukuu wangu,

Ningekuambia sikuumia ningekudanganya. Nilinuna. Posta sikwenda, hata Attracta akaja mwenyewe na wino wake. Nikamwambia, huyu kijana ametuzimia moto. Akasema, "Tulia, Sabina, nikusomee tena."

Akasoma. Mkeo amezaliwa Norton. Mumewe sasa ni Norton, tena si ndugu yake. Tukatazamana. Attracta anadai haihesabiki kwa sababu katikati Doreen aliitwa McNulty. Mimi nasema inahesabika, na mwenye dawa ni mimi, si yeye. Mwambie Doreen mkono wa dawa anao. Lakini mkate haufundishwi kwa posta, unga unataka kushikwa.

Njooni Agosti, Jumapili ya makaburi, umng'olee babu yako magugu. Mlango wa mbele umevimba kwa mvua, pitieni wa nyuma. Winnie nitambeba mimi, goti litake lisitake. Na ukishuka kwenye basi, akina Padden wote watakuwa wamekaa juu ya ukuta wakisema, tazameni, yule Mwingereza kaja. Usinune, wala usianze kujieleza. Itika, kama alivyoitika yule mzee wa kwanza, kisha umlete mkeo moja kwa moja jikoni.

Bibi yenu,
Sabina