Lenzi Namba 32 kwa Jicho la Baba

Jumapili, 12 Januari 2025

Nimerudi Korogwe jioni hii kutoka Handeni. Baba amenikasirisha, halafu amenihuzunisha. Nilimkuta barazani kwake, mtaa wa Chanika kulekule Handeni, anapangusa miwani kwa pindo la kanzu. Mimi binti yake ni fundi miwani, watu wanatoka mbali kuja dukani kwangu — na baba yangu mzazi anapangusa lenzi kwa kanzu yenye vumbi! Nikamnyang'anya.

Ndipo akaniambia. Daktari amesema presha ya macho imeshakula pembeni kote. Imebaki sehemu ndogo ya katikati, na hiyo nayo haina muda mrefu. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Anataka mwaka huu auone mwezi wa Ramadhani kwa jicho lake. Basi. Hataki kingine.

Zaidi ya miaka ishirini Baba na rafiki yake Mzee Jabiri ndio mashahidi wa mwezi wa msikiti wao. Jioni ya ishirini na tisa Shaabani wanakaa nyuma ya nyumba wanatazama magharibi. Wakiuona wanampigia Imamu Awadhi. Nimemwambia nitatafuta njia. Sijui hata nimeahidi nini.

Alhamisi, 16 Januari

Mwalimu Ernesti kaja dukani, nimkazie skrubu za miwani kama kila mwezi. Anafundisha fizikia shule ya Masuguru. Nikamweleza habari za Baba. Akasema stoo ya shule kuna darubini mbili za kutazamia nyota, ziliachwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao. Moja kioo chake kikubwa kimepasuka. Nyingine nzima, inalala kwenye vumbi. Atamwomba mkuu wa shule aniazime.

Nilifurahi mpaka nikasahau kumkazia skrubu ya upande wa pili.

Jumamosi, 25 Januari

Ninayo! Iko chumbani kwangu Kilole, hapa Korogwe, imesimama kwa miguu mitatu kama mgeni asiyetaka kukaa.

Ernesti alinipa somo. Lile bomba refu linakusanya mwanga tu. Kinachokuza ni lenzi ndogo ya kuwekea jicho, na hiyo inabadilishwa. Alinipa mbili, namba 10 na namba 32, hii ya pili ameitoa kwenye ile darubini mbovu. Namba ndogo inakuza zaidi. Pembeni kuna kitasa cha kuzungusha, mrija wenye lenzi unatoka nje au unarudi ndani mpaka picha itulie. Hiyo ndiyo fokasi.

Akasema kwa mzee wako anza na 32. Nikacheka moyoni. Miaka kumi na minne nauza miwani — jicho dhaifu linataka lenzi kali, mtoto wa darasa la nne anajua. Nimeifunga namba 10.

Akanionya pia, mara tatu: jua lisipozama lote, darubini isielekezwe magharibi. Jua likipita humo, jicho limekwenda.

Jumamosi, 1 Februari. Handeni.

Aibu.

Mwezi ulikuwepo, wa siku tatu, mimi nauona kwa macho matupu, na Zuhura juu yake anawaka kama taa. Kuuingiza kwenye namba 10 ilikuwa kazi ya nusu saa. Hiyo lenzi inaonyesha kijisehemu kidogo mno cha mbingu, na mwezi unatembea. Kila nikiupata na kumwita Baba, akija umeshatoka. Na lile tundu ni dogo, linataka jicho ligande kabisa kwenye kioo. Baba na miwani yake nzito hafiki. Akawa anagonga tu miwani kwenye lenzi, ko, ko, ko.

Hakulalamika. Alisema mashine nzuri, pengine macho ndiyo mabaya. Kisha akaenda kulala bila kula. Mimi na ujuaji wangu.

Jumapili, 2 Februari

Leo nimefunga 32. Nimemeza maneno yangu yote.

Mwezi ulikuwa unaelea katikati na nafasi tele pembeni. Jicho linakaa mbali na lenzi kwa raha. Halafu nikawaza kama fundi kwa mara ya kwanza: miwani ya nini? Fokasi yenyewe inaweza kufanya kazi ya miwani yake! Nikamvua. Nikazungusha kitasa polepole, yeye ananiambia bado, bado, bado.

Akanishika mkono nisizungushe tena. Nikadhani kachoka. Kumbe analia, jicho bado liko kwenye lenzi. Aliangalia mpaka ukaingia kwenye miti.

Baadaye, tunakunywa chai, akaniambia neno ambalo sitamwambia mtu. Mwaka jana hakuuona mwezi. Wala mwaka juzi. Mzee Jabiri akionyesha kwa mkono, Baba anasema ndiyo, nauona. Aliona haya kusema hapana. Akaenda kutoa ushahidi wa kitu ambacho hakukiona, na watu wakafunga kwa neno lake. Jambo hilo halimpi usingizi. Mwaka huu, akasema, nikiuona nitasema nimeuona. Nisipouona nitasema sikuuona, hata mbele ya Jabiri.

Nilimpenda sana saa ile. Na niliogopa. Mwezi wa siku nne mtu yeyote anaupata. Ule wa siku ya kwanza ni kitu kingine.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemwambia Ernesti tatizo moja. Ile fokasi imelegea. Ukigusa lenzi kidogo tu kwa paji la uso, mrija unarudi ndani na picha inapotea.

Akasema ile darubini mbovu ina fokasi imara, yenye skrubu ya kukaza. Ila kuihamisha lazima kutoboa matundu matatu kwenye bomba la shule. Barua kwa mkuu, fundi wa kutoboa, kama wiki mbili. Nifikirie.

Nimefikiria. Lenzi tumeshaipata, Baba ameshaona, ya nini kuvuruga? Nimekata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, nimekizungushia kwenye mrija. Inabana vizuri.

Jumamosi, 22 Februari

Mpira unabana vizuri asubuhi. Jua likiupiga unalegea. Nimeongeza wa pili.

Ijumaa, 28 Februari. Handeni.

Naandika jikoni. Mlango uko wazi, nawaona wazee wote wawili kule nje.

Jua lilizama. Chini kulikuwa na vumbi rangi ya chai ya maziwa. Nikaanza pale lilipozamia, nikawa napanda na 32, kushoto, kulia, kushoto. Baba amekaa kwenye kiti anasubiri, miwani mfukoni. Mzee Jabiri kasimama nyuma yetu, mkono juu ya nyusi.

Nikaona uzi. Mweupe, mwembamba, umekatika katikati. Au ulikuwa ukingo wa wingu. Nikasogea niuone vizuri, paji langu likagusa, mrija ukarudi ndani, kila kitu kikawa maziwa. Ile mipira yangu! Nikazungusha mbele, nikazungusha nyuma. Picha iliporudi hapakuwa na kitu. Wiki tatu nilikuwa nazo za kubadilisha ile fokasi. Niliona tabu kuandika barua.

Baba akasogeza kiti kwenye darubini. Nikamzungushia kitasa taratibu, huku na huku, muda mrefu.

"Hakuna, mama," akasema.

Mzee Jabiri akanyoosha mkono. "Ule pale, Muhidini, juu ya ule mti."

Baba hakugeuka. Alisema, "Jabiri, siuoni. Mwaka jana pia sikuuona. Wala mwaka juzi. Nilikuwa nakubali kwa sababu wewe umeuona."

Mkono wa Mzee Jabiri ulishuka. Alitafuta kiti kwa kupapasa, akakaa.

"Mimi naona ukungu tu, ndugu yangu," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Nilikuwa naonyesha pale mwezi unapokaaga kila mwaka. Wewe ukisema ndiyo, najua upo, namshukuru Mungu."

Nikamwinamia na tochi ya simu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, weupe unaonekana hata bila kifaa. Miaka yote hii nakunywa naye chai. Fundi miwani!

Basi mwaka jana mwezi ulionwa na nani?

Baba kaniuliza kama mimi nimeuona. Nikasema sijui. Ni kweli, sijui. Akatikisa kichwa, akavaa miwani yake.

Sasa wamekaa tu. Saa moja na nusu. Simu ya Baba inaita juu ya kigoda, jina linawaka hadi huku: Imamu Awadhi. Imeita ikakatika. Imeita tena. Baba ameichukua, akampa Mzee Jabiri. Mzee Jabiri ameipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akamrudishia. Bado inaita.