Gitaa Ndani ya Eda

Jumatatu, 8 Juni
Siku ya sitini ya eda. Nimechambua maharagwe, nimefua kanga nyeupe, nimeianika juu ya mawe ya uani. Sikutoka. Mjane hatoki miezi minne na siku kumi, na Mama, mzazi wa marehemu mume wangu Ramazani, yupo kuhakikisha. Anakaa mlangoni tangu alfajiri. Leo mtu wa pikipiki ameleta flashi imefungwa katika karatasi. Mama ndiye aliyeipokea. Alikuwa amewaomba watu wa msikiti wanitafutie kisomo cha Kurani, basi akaamua ndicho hiki. Amenipa pamoja na redio ndogo ya marehemu. Kila siku baada ya alasiri nisikilize. Sawa.

Jumanne, 9 Juni
Si Kurani. Karatasi ina mwandiko wa Kambale, dereva mwenzake Ramazani kwenye barabara ya Butembo. Ameniandikia: “Mama Aisha, pole sana, hii ni ile albamu mumeo alikuwa anaingoja, imetoka sasa, ni vijana wa Ulaya lakini wanapiga roki kama ya miaka ya sabini.” Mama anasoma herufi za Kiarabu tu. Nilipaswa kumwambia palepale. Sikumwambia. Nilivaa visikilizio masikioni nikageukia ukuta. Gitaa, ngoma, kinanda. Nikazima baada ya dakika mbili. Kama mwizi.

Jumatano, 10 Juni
Nyimbo tatu. Miaka thelathini na minne Ramazani aliniomba nikae naye kusikiliza kaseti zake, hata wimbo mmoja. Nilikuwa na sufuria motoni. Siku zote nilikuwa na sufuria motoni. Nilimwambia hizo ni kelele za watu wanaobomoa nyumba. Leo nimelia sana. Najichukia.

Ijumaa, 12 Juni
Leo sikulia. Hilo ndilo linalonitisha.

Wimbo wa pili ni mrefu, unapita dakika nane. Mwanzoni gitaa liko peke yake, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kisha ngoma zinaingia zote kwa mpigo, kinanda kinajaa, na kijana anayeimba anapandisha sauti hadi mwili ukanisisimka. Niliurudisha. Niliurudisha tena. Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo: nilifurahi, na mume wangu hana hata siku sabini kaburini.

Jumapili, 14 Juni
Wanawake wa mtaa wetu wa Katoyi walikuja kunipa pole. Mama akawaambia hajaona mjane mwenye bidii ya kisomo kama mimi, eti nasikiliza mpaka magharibi. Mmoja akanibusu mkono. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumanne, 16 Juni
Sikumsikia Mama akiingia. Alitaka naye apate thawabu. Akachomoa kisikilizio kimoja sikioni mwangu, akakitia kwake. Katikati ya wimbo wa nne, gitaa likilia. Nilishindwa hata kuzima.

“Haiko Kuruani,” alisema. Akasikiliza kidogo tena. “Mutoto yangu iko mu udongo, na weye unasikilizaka gitare?”

Ameichukua redio.

Jumatano, 17 Juni
Hasemi nami. Ametenga sahani yake. Nyumba ni yake, na eda ikiisha anaweza kunirudisha kwa ndugu zangu kule Kasongo. Nani atamlaumu? Akiniuliza, jibu ninalo. Nitasema nilikuwa namkumbuka Ramazani. Ni jibu zuri, kila mtu angelipokea, na nusu yake ni uongo.

Alhamisi, 18 Juni
Mama amekula peke yake tena.

Ijumaa, 19 Juni
Baada ya alasiri alikuja na redio mkononi. Akaiweka mkekani, akakaa. Akauliza kama Ramazani alikuwa anaipenda hii miziki. Jibu langu zuri likanijia mdomoni. Neno moja tu, ndiyo, na mambo yangekwisha.

“Hakuisikiaka, Mama. Iko mupya. Minaisikilizaka juu ya vile inanifurahisha.”

Alinitazama sana. Nikafikiri nimekwisha. Kisha akasema magharibi haiko mbali, kama ni kusikiliza nisikilize mbiombio. Akatoka, akauvuta mlango.

Jumapili, 21 Juni
Mvua tangu asubuhi. Mama amelala. Nimeisikiliza albamu yote, wimbo wa kwanza hadi wa tisa, bila kugeukia ukuta. Wa saba hauna ngoma, ni gitaa na sauti tu. Ramazani angeuruka. Namjua, yeye alitaka ngoma nzito, angesema huu ni wa kubembelezea watoto. Mimi, huo ndio ninaoupenda kuliko nyimbo zote. Anakosea kabisa. Kwa mara ya kwanza nina la kubishana naye juu ya muziki, na hayupo.