Sufuria Juu ya Waifai

Jumatatu, 6 Aprili
Nimepiga mswaki, nimefika barazani, nakuta wanaihadithia vibaya. Wote. Ati waifai ya mtaa imekufa kwa kuwa programu yake ya bure. Kama kamba wa baharini, uchafu wote kichwani.

Anayejua miye. Kisanduku kikuu cha waifai kiko juu ya paa langu hapa Tongoni. Fundi Rehema alifuta programu ya dukani, iliyofungwa kama mkoba wa mganga. Akatia ya watu wote, yeyote anaifungua, anaitengeneza. Ndiyo maana changu kinamrushia mtandao jirani Chande, cha Chande kinarusha mbele. Bila waya. Wao wanajua kuchezea kete tu.

Jumanne, 7 Aprili
Bado imekufa. Dada yangu Mishi yuko Pemba, Ijumaa anapasuliwa tumbo. Masikio yalishakufa, ananisoma midomo kwenye simu. Bila waifai picha inakwama. Siku ya pili sijamuona. Naogopa.

Chande kaniuliza kwa adabu kama nimegusa kitu. Miye? Mpemba yule kazi yake mpunga, ya mitambo aniachie.

Jumatano, 8 Aprili
Rehema kaja na kompyuta yake. Programu ile ile ya bure ikamwonyesha visanduku vyote vizima, ila changu kinasikika kwa mbali, kama mtu yumo ndani ya pipa. Kapanda ngazi. Kakuta kimefunikwa sufuria.

"Shikamoo tena babu. Sufuria inazuia mawimbi. Na kisanduku hiki hakiogopi mvua. Nani kaweka?"

Nikasema Chande. Baraza zima likamcheka mpaka magharibi. Bwege, hata kujitetea hawezi.

Alhamisi, 9 Aprili
Nimemuona Mishi. Kakonda. Nikamhadithia ujinga wa Chande, sufuria nimeishika mkononi ashuhudie. Kaitazama.

"Sufuria yangu ya pilau niliyokuachia ilifuata nini kwa Chande?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Haukukatika.

Jumamosi, 11 Aprili
Mishi kapasuliwa salama. Kanikonyeza kwenye simu, hana nguvu ya kusema.

Chande kaleta mchele wa kushukuru Mungu kwa Mishi. Nikaupika kwenye sufuria ile ile. Kala, kalamba vidole.

Yaliyobaki yote kweli. La Chande nilitunga. Wingu lilikuwa jeusi, nikaona kisanduku kitalowa, nikakifunika miye.

Kesho nitasema barazani. Nitaanza na huu mchele wake.