Chini ya Mkeka Wako

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye ngazi, maana miguu inatetemeka na sikutaka Mama anione. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Kwa mwoga huenda kicheko, si ndivyo ulivyokuwa unaniambia kila nilipokataa kusogea ukingoni mwa roshani? Haya, cheka.

Dukani kwako niko mimi siku hizi. Kufuli zinatoka, bawaba zinatoka, na wateja wa Kariakoo ni walewale, wanakusifia mzigo halafu wanaomba bei ya mwaka juzi. Hayo nayamudu. Kilichoninyima usingizi ni roshani yako ya mbao huku juu.

Siku ya msiba wako wanawake walijaa pale juu. Walipoondoka nikakunja mikeka yote, nikafika kwenye wako, ule wa plastiki uliokuwa unakalia jioni kwenye kona yako. Mama akanizuia. "Huo usiguswe. Nikitoka eda, pa kwanza kukaa ni hapo." Nani angebishana naye siku ile? Akaingia chumbani kukaa eda yake, na mimi nikauacha.

Masika ikaja, Baba. Kila mvua ikikatika nilikuwa nachungulia dirishani, naona maji yamesimama juu ya mkeka, na roho inanidunda. Maana kila mwaka kabla ya masika wewe ulikuwa unatoa kila kitu pale, mikeka, makopo ya maua, viatu vyetu. Unakaa chini na kisu cha jikoni unachokoa uchafu kati ya mbao na mbao. "Maji yapewe njia, mwanangu. Yakikosa, yatajitafutia." Halafu brashi ya kufulia na sabuni, unasugua kufuata mstari wa mbao, unaziacha juani mpaka zikauke kabisa, ndipo unapaka mafuta. Kabla ya mafuta ulikuwa unaniambia nilaze shavu kwenye mbao nikuambie kama bado kuna ubaridi. Na kule chini kwenye boriti ulikuwa unapaka oili chafu ya gereji za Gerezani, Mama analalamika nyumba nzima inanuka lori.

Siku moja nilijikaza nikamwambia, "Mama, mkeka unaloa." Akanijibu, "Acha uloe. Hata mimi nimeloa."

Eda ilipokaribia kwisha, mchana mmoja akiwa amelala, nikaufunua. Weee, Baba! Ile harufu! Mbao zimekuwa nyeusi, juu zina utelezi wa kijani. Nikachukua bisibisi yako nikagusa hivi tu, ikazama kama nachoma muhogo uliochemka. Mbao tatu, zote za pale pale ulipokuwa unakaa. Na chini yake ndipo penye benchi la Mama Chausiku wa vitumbua na wateja wake. Nikamwona Mama kichwani mwangu, na magoti yake yale mabovu, anajiachia kukaa kwa raha zake. Nilirudi kinyumenyume kwa tumbo mpaka mlangoni, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Niliogopa Mama asije akaanguka. Lakini wallahi, niliogopa zaidi kumwambia. Kwake yeye ile kona ndiyo wewe uliyebaki. Nikawaza nitandike mkeka upya, nimwambie tukae upande wa pili kwenye kivuli. Nikajijibu mwenyewe: huyu mama unamjua, atakusukuma pembeni na atapita.

Basi nikasimama mlangoni kwake, sauti kama ya mtu anayeomba. "Mama, pale pa Baba pameoza." Akasema, "Toa," akageukia ukutani. Siku zote za kazi hakuniambia neno zaidi ya "chakula kipo." Sikujua kama ni hasira au ni nini, na sikuthubutu kuuliza.

Nilimwomba Mama Chausiku asogeze benchi, nikafunga kamba kwenye mlango wa roshani mtu asipite, nikamleta fundi. Alichungulia boriti akazigonga, akasema ni nzima kabisa, huyu mzee alizipaka nini? Hapo nililia kidogo. Akang'oa zile mbao tatu, akaweka mninga mpya. Halafu akataka apake rangi ya kung'aa juu ya sakafu nzima ili isijulikane ipi mpya ipi ya zamani. "Dada, itapendeza." Nilimkaripia mpaka nikajishangaa, ilikuwa sauti yako ile. Nilisugua mwenyewe, nikachokoa mwenyewe, nikalaza shavu. Mafuta nimepaka mimi. Zile tatu ni nyekundu katikati ya zile zako za kijivu, hata kipofu angeziona.

Leo Mama katoka eda. Kaoga, kavaa kanga mpya, kaja mwenyewe mpaka mlango wa roshani. Akaziona. Nikasubiri kilio. Akafungua kamba, akainua mguu.

Nikapiga kelele, "Mama, bado!"

Maana sheria ilikuwa yako: aliyetengeneza ndiye anayekanyaga kwanza. Ulikuwa unatoka na kitambi chako chote, unaruka, na Mama anapiga mayowe kwamba utajiua. Fundi keshaondoka. Nimebaki nani? Nikampita Mama, nikasimama kwenye kona yako. Huko chini wabeba mizigo wanapiga kelele wapishwe, na mjinga mimi nikatazama chini. Nikafumba macho, nikasema bismillah, nikaruka.

Mbao zikalia tu! Basi. Kimya.

Nilipofumbua macho Mama kashika mdomo, machozi yanamtoka na mabega yanatikisika kwa kicheko. Akaninyooshea kidole. "Rudia. Yeye alikuwa anaruka mara mbili."

Nikarudia, Baba. Ile ya pili niliogopa kuliko ya kwanza.

Sasa yuko pale, kakaa kwenye mbao tupu, kaegemea ukuta ulipokuwa unaegemea wewe. Mkeka wako nimeufua, nimeuning'iniza ndani. Atautandika akitaka kukaa, na akiinuka nitaukunja, hata akinuna. Nakuahidi kila mwaka kabla ya masika nitachokoa, nitasugua, nitapaka, kisha nitaruka mara mbili. Woga siahidi kuuacha, huo ulinizaa nao.

Lala salama, Baba. Mungu akulaze pema.

Mama ananiita. Anasema nafasi ya mtu wa pili ipo, niache ushamba nikakae. Miguu bado inatetemeka, lakini naenda.

Binti yako,
Zuhura