Tiketi ya Mama, Daraja la Kwanza

Jumanne, baada ya Isha

Na nimelipa! Treni ya Mombasa, mama daraja la kwanza, mimi daraja la kawaida.

Abti, kaka yake mama, amenigombeza mchana kutwa. "Wallahi umepotea! Treni ni moja, wote mtafika saa ile ile. Mbuzi mzima auzwe kwa sababu ya kiti?"

Yeye hajawahi kukaa kule kwa bei nafuu, viti vinatazamana, magoti yanagongana na ya mtu usiyemjua. Goti la mama limevimba. Hilo goti ndilo linalotupeleka hospitali.

Wiki mbili nimechungulia simu, kila siku viti vimejaa. Leo kimoja cha Alhamisi kikafunguka, nikakinyakua kabla sijamwomba mtu ruhusa.

Naogopa, sikatai. Mwezi huu utabana. Lakini sirudishi tiketi.

Tulipohama kutoka kijiji cha Diff nikiwa mdogo, ayeeyo, mama yao Abti na mama, alikuwa mgonjwa. Abti huyu huyu alimpandisha ngamia mpole kuliko wote, akashika kamba mpaka kisimani tulikohamia. Sisi wengine tulitembea.

Siku ile hakusema wote tutafika saa ile ile.