Siku Baba Alipokuja Kituoni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nikujulie hali: goti lako linaendeleaje baada ya ile sindano? Na shemeji ameshaizoea miwani yake mipya, au bado anaivua kila anapotaka kuona? Wapwa zangu nawasalimu mmoja mmoja, hata yule aliyeapa kutonisamehe kwa kukosa mahafali yake. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimekuwa mzinga wa nyuki, na sijui hata nishike lipi niache lipi.

Ujumbe wako niliupata. Unauliza kumetokea nini kati yangu na Baba, maana aliondoka kwako akiwa na furaha ya mtoto, akarudi kimya. Ukimuuliza anasema amenikuta mzima na kazi yangu ni kubwa, basi. Ulinitaka nikupigie. Mara tatu nimeishika simu nikairudisha mezani. Dada, sauti hii imeuza sabuni, magodoro na bima ya maisha. Nikikupigia itaanza kuniuza na mimi. Ndiyo maana naandika kwa mkono, ingawa mwandiko wangu unaujua, kuku akiparua anaandika vizuri zaidi.

Niruhusu nianze mbali kidogo. Unakumbuka Baba aliponifungia spika mbili juu ya gari la mwenye duka la vitambaa, nikazunguka mitaa nikitangaza bei hadi koo likakauka, nawe ukanibandika jina la Kipaza. Nilipohamia huku nilipanga chumba kimoja, nikasimamisha magodoro ukutani kuzuia kelele za gereji ya jirani, nikaanza kurekodi matangazo ya vinyozi na maduka ya dawa. Kila nilipokwama nilimpigia Baba, naye akanielekeza waya kwa waya. Mdogo mdogo ikawa kampuni ya matangazo, kisha kituo cha redio, ambacho bahati mbaya mawimbi yake hayafiki huko kwenu. Niliwahi kusema ni bahati mbaya. Sasa hata hilo sina uhakika nalo.

Baba hakunipa taarifa kwamba anakuja. Ilikuwa Jumanne asubuhi, nami nilikuwa kwenye kikao na wageni wa kampuni ya maziwa ambao tuliwafukuzia mwaka mzima. Dada wa mapokezi ndiye aliyenisimulia baadaye, nami nimemrudisha kwenye maelezo hayo hadi amechoka. Anasema aliingia mzee mwenye koti la kijivu na mkoba wa vifaa, akasalimia kila mtu, akauliza kama atamkuta Kipaza. Binti akamjibu kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo, akamwomba asubiri. Mzee akasogea kwenye ukuta mkubwa wa mapokezi, akayasoma maneno yaliyoandikwa pale, midomo ikicheza. Akafuta miwani, akasoma tena tangu mwanzo. Binti alipomuuliza tena anamtafuta nani, akasema hamtafuti mtu. Yeye ni fundi wa redio, amepita tu kuuliza kama kuna chombo kibovu.

Kwa kweli chombo kibovu kilikuwepo. Mashine ya kuchanganyia sauti ilikuwa ikivuma wiki nzima, na fundi mitambo wetu alikuwa ameinua mikono. Akamwingiza studio nusu kwa utani. Haikupita saa moja, mvumo ukakoma, na wafanyakazi wakajaa mlangoni kumtazama.

Wakati huohuo nami nilikuwa nawasindikiza wageni kwenye lifti. Nikapita pale mlangoni, na mgongo wake niliujua kabla sijaiona sura. Akageuka, bisibisi mdomoni. Fundi mitambo akaniambia, "Bosi, huyu mzee ni jini!" Mkubwa wa wale wageni akacheka, akamuuliza ufundi huo kajifunzia wapi. Baba akanitazama kwa muda wa kupepesa jicho, kisha akamjibu yule mgeni, "Kwa kufungua vya watu, mheshimiwa. Vingine havikufungika tena."

Wote wakacheka. Nami nikacheka, Dada. Kisha nikasema, "Ahsante sana, mzee. Mpeni chai." Nikaendelea na wageni wangu hadi kwenye lifti, nikaeleza idadi ya wasikilizaji wetu bila kukosea hata tarakimu moja. Niliporudi alikuwa ameondoka. Wananiambia chai aliinywa, kikombe akakiosha mwenyewe.

Sasa nifike penye mwiba. Miaka minane iliyopita niliingia kwenye shindano la wajasiriamali vijana. Wenzangu walikuwa na picha na michoro. Mimi nilikuwa na mdomo tu. Nilikusudia kusema kwamba baba yangu ni fundi redio na ndiye aliyenifundisha. Sijui ulimi uliteleza vipi. Nikajisikia nikisema kwamba baba yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Nilitaka kujirekebisha, wallahi, lakini nikamwona jaji mmoja mama mtu mzima akijifuta machozi, nikaendelea. Nikashinda. Magazeti yakaandika, wateja wakafuata, na hadithi ikawa ndiyo nembo ya kampuni. Ukutani pale, chini ya picha yangu, pameandikwa: "Baba alipofariki aliniachia redio mbovu. Niliitengeneza. Ikanilea." Baba nilimzika kwa mdomo wangu mwenyewe. Nawe sikukuacha, Dada. Nilisema sina ndugu.

Kinachonichanganya ni yeye. Je, alinilinda, au alinikana kama nilivyomkana? Angenizaba kofi mbele ya wale watu wa maziwa ningejua nimesimama wapi. Lakini amenitengenezea mashine! Wakati mwingine naona ule ulikuwa msamaha. Nikigeuka upande wa pili naona ulikuwa mkono wa buriani.

Alhamisi nikawakusanya wafanyakazi wote, nikawaambia ukweli: kwamba baba yangu yu hai, na ni yule fundi waliyempa chai. Dada wa mapokezi akaanza kulia. Mara meneja wetu wa masoko, tunayemwita Bi Mkakati, akapiga makofi, na wengine wakadakia. Akasema hajapata kusikia tangazo zuri namna hii, nimelificha wapi siku zote? Nilijaribu kumweleza kwamba si tangazo. Akanikonyeza. Kufikia mchana alikuwa ameniletea mabango matatu yenye maneno "Baba Yupo!", na watu wa maziwa walikuwa wameshaomba kudhamini siku ya sisi kukumbatiana, maziwa yakiwa mezani.

Na hapa ndipo nilipojiogopa. Niliyatazama yale mabango, nikachukua kalamu, nikarekebisha neno moja ili lisomeke vizuri zaidi. Nilikuwa nimeshafika kwenye rangi ya herufi nilipotambua nafanya nini.

Nimewakatalia. Bi Mkakati hasemi nami, na watu wa maziwa hawajarudi. Ule ukuta nimeupaka rangi mwenyewe, vibaya, maandishi bado yanaonekana kwa mbali ukisimama pembeni. Jumamosi ninakuja, peke yangu, bila kamera wala zawadi. Tafadhali mwambie Baba kwamba nakuja, ili kama hataki kuniona apate nafasi ya kutoka. Sababu usimwambie. Nitaisema mwenyewe, kwa kigugumizi, bila kuipamba. Nikianza kuisema vizuri, Dada, nakuomba uninyamazishe.

Wapwa wasikae macho kunisubiri, basi huchelewa. Shemeji mpe mkono wangu. Na wewe, ukishaisoma hii, ikiwa utahitaji siku mbili tatu za kunikasirikia, zichukue. Ni haki yako, nami nitakaa nje barazani hadi umalize.

Mdogo wako,
Kipaza